Barua kwa mwanangu anayekwenda kujitolea Ghana

Mwanangu Zawadi,

Hujambo? Sisi huku Ahero hatujambo. Nimesikia kwamba likizo hii wewe na wanafunzi wenzako mnatoka huko Uingereza kwenda vijijini Ghana, kutibu watu na kuchimba vyoo. Nimefurahi sana, na babako keshawaambia majirani wote. Ila nina neno, na kwa kuwa nimefanya kazi zahanati tangu hujazaliwa, naomba unisikilize.

Unamkumbuka yule nyanya wa karibu na mashamba ya mpunga? Wageni fulani walipiga kambi ya matibabu uwanja wa shule kwa siku moja, vijana wenye moyo mwema kabisa. Wakampima presha, wakaikuta iko juu, wakampa vidonge vya mwezi mmoja. Juu ya bahasha waliandika "1×1", basi. Jina la dawa hakuna, na kwenye daftari lake la kliniki hawakuandika hata neno. Vidonge vilipokwisha alikuja na bahasha tupu kuniomba "vile vyeupe vidogo". Tukaanza upya, kana kwamba hajawahi kupimwa. Presha ni dawa ya kila siku, miaka nenda miaka rudi. Ukimpa mtu ya mwezi mmoja ukaenda zako, atadhani amepona.

Kwa hiyo ukifika, kabla hamjapanga meza, nenda kamwamkie muuguzi wa pale. Ghana wana vituo vidogo wanavyoviita CHPS, ambapo muuguzi huishi palepale kijijini na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mpango huo ulijaribiwa Navrongo, kaskazini, miaka ya 1990, ukawa sera ya nchi nzima mwaka 1999. Hamwendi mahali pasipo na wenyewe. Mwulize yeye hupata dawa gani mwaka mzima, mtumie hizohizo, na kila mgonjwa aandikiwe kwenye kadi yake kwa mwandiko unaosomeka.

Jambo ambalo chuoni hamruhusiwi, msilifanye kijijini. Kushona kidonda, kung'oa jino: kama hujafuzu Uingereza, na Ghana hujafuzu. Watakuita daktari, warekebishe kila mara, hata wakicheka. Kazi ya mwanafunzi ipo tele. Mwonyeshe mama jinsi ya kuchanganya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini mtoto anapoharisha, na umweleze kwamba vidonge vya zinki mtoto avimalize siku zote 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Hapo wengi huacha njiani.

Vyoo navyo, ulizeni mapema nani atavitunza.

Tena kazi kama hii huhitaji kurudi tena na tena. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikuwa wamefanya kazi pamoja zaidi ya miaka kumi kabla mpango wao wa AMPATH haujaanza kuhudumia wagonjwa wa VVU mwaka 2001. Waulize viongozi wenu kama mwakani kuna kundi litakalorudi kijiji hichohicho.

Nitumie orodha ya dawa mnazobeba, pamoja na tarehe za kuisha muda wake. Nataka kuipitia kabla hamjafunga masanduku.

Mamako