Sakafu ya Pikapu Iliyoliwa na Kutu: Mahali pa Kuanzia kwa Mmiliki Anayetaka Kuirekebisha Mwenyewe

Mwenye pikapu ya zamani anapogundua kwamba anaweza kuiona barabara kupitia sakafu iliyo chini ya miguu yake, kutu huwa imeshafanya kazi kwa miaka kadhaa mahali ambapo hakuna aliyetazama. Hapa Tanga, ambako gari hushinda katika upepo wa bahari na wakati wa masika hupitisha siku nyingi bila kukauka vizuri, tunapokea magari ya namna hii katika gereji yetu mara kwa mara, hasa Toyota Hilux za kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 1988 na Land Cruiser za mizigo ambazo bado zinabeba samaki, nazi na mahindi. Injini zake ni nzima. Kinachozishinda ni bati. Wamiliki wengi hutuuliza kama wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe, na jibu letu ni kwamba sehemu kubwa inawezekana hata kwa mtu anayeanza, mradi ajue ni sehemu gani aishike na ni ipi aiache, na mradi akubali kwamba kazi haianzi kwa kuchomelea. Inaanza kwa kutafuta maji yanaingilia wapi.

Kutu ya sakafu ya kebini aghalabu huanzia ndani ya gari, chini ya kapeti, na si upande wa barabarani kama watu wengi wanavyodhani. Maji huingia kupitia raba ya kioo cha mbele iliyokakamaa kwa jua, raba za milango zilizochanika, au tundu la kupitishia nyaya katika ukuta unaotenganisha injini na abiria ambalo raba yake imepotea. Chini ya waipa kuna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyatoa nje kwa pembeni. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza mfereji huo majani, na maji yakikosa njia hufurika na kushukia miguuni pa dereva. Gari lenye kiyoyozi lina mpira mwembamba unaotoa nje maji yanayotonya kwenye mashine ya kupoozea, na mpira huo ukizibwa na vumbi, maji yote huishia kwenye sakafu ya abiria. Juu ya bati kuna tabaka la felti nzito ya kupunguza kelele, ambalo hunyonya maji na kuyashika kwa muda mrefu hata pale ambapo kapeti yenyewe inaonekana kavu. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata msasa, tunashauri mtu mmoja akae ndani ya gari akiwa na tochi, kapeti ikiwa imetolewa, na mwingine amwage maji kwa mpira polepole, akianzia chini ya milango na kupanda hadi kwenye kioo na paa, ili chanzo kijulikane kwa hakika. Sakafu mpya ikiwekwa chini ya kioo kinachovuja, itaoza vilevile.

Chumvi ndiyo inayoharakisha jambo lote hili. Chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni, na mwendo wenyewe ni wa umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme huo vizuri zaidi kuliko maji matupu, ndiyo maana yanaharibu haraka zaidi. Chumvi pia huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo bati lililomwagikiwa maji ya bahari huendelea kuwa na unyevunyevu hata siku ya jua. Pikapu inayobeba samaki hulowa bodi ya nyuma, jambo ambalo kila mtu analiona, lakini dereva naye huingia kebini mara nyingi kwa siku akiwa na ndara zilizojaa maji ya ufukweni, na katika magari hayo tundu la kwanza mara nyingi tunalikuta chini ya kisigino cha mguu wa kulia, mahali anapouegemeza anapokanyaga mafuta. Kuna pia magari yaliyoingia nchini yakiwa na tatizo tayari. Yale yaliyotumika Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike, huweza kuja na kutu upande wa chini iliyofunikwa kwa rangi nyeusi mpya. Rangi inayong'aa chini ya gari la miaka thelathini ni ya kutiliwa shaka.

Viti vikitolewa, kapeti na felti zikiondolewa, na lile gamba la lami lililobandikwa juu ya bati likabanduliwa kwa tindo pana, hali halisi huonekana. Kutu ya juu juu ina rangi ya chungwa, ni laini, na hutoka kwa brashi ya waya ikaacha bati lenye vishimo vidogo. Sehemu kama hiyo haihitaji kukatwa, bali kusafishwa, kupakwa dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, na kufunikwa kwa praima, yaani rangi ya kwanza inayolinda bati. Kutu iliyokomaa ni ya kahawia iliyokolea na hutoka kwa magamba, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huvimba na kujibandua. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hutoa mlio mkali, na bovu hutoa mlio uliofifia. Kisha sukuma kwa ncha ya bisibisi hiyo hiyo, bila huruma, kila mahali penye shaka. Wanaoanza huiogopa hatua hii kwa kuwa tundu la ukubwa wa sarafu hugeuka kuwa la ukubwa wa sahani, lakini bati lililopitwa na ncha ya bisibisi halikuwa bati tena. Chora kwa chaki mpaka wa pale bati linapoanza kuwa zima, kisha ongeza sentimita 2 au 3 nje ya mstari huo. Hapo ndipo pa kukata, maana bati jipya likichomelewa kwenye ukingo uliokonda, ukingo huyeyuka wote kabla mchomeleo haujashika.

Kabla ya kukata, lala chini ya gari na utazame ni nini kimeshikamana na sehemu hiyo kwa upande wa chini. Pikapu kama Hilux na Land Cruiser zina chesisi inayojitegemea na kebini iliyokalishwa juu yake, kwa hiyo eneo bapa la sakafu, pale panapokaa miguu, halibebi uzito mkubwa, na ndilo eneo tunaloona linamfaa mtu anayejifunza. Sehemu zinazofungia viti, zinazofungia mikanda ya usalama, na zile kebini inapokalia chesisi juu ya mipira yake ni habari nyingine kabisa. Hizo hushika uhai wa mtu siku gari linapogonga au kupinduka, na tunasihi kwa moyo wote asizishike mtu ambaye hajawahi kuchomelea na kazi yake ikakaguliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa HiAce na magari mengine yasiyo na chesisi ya kujitegemea, ambayo sakafu na kingo zilizo chini ya milango ndizo zinazobeba gari lenyewe.

Usalama wa kazi nao unahitaji maneno ya wazi. Ondoa betri. Fuatilia kwa mkono mirija ya breki, mirija ya mafuta na nyaya zinazopita chini ya sehemu utakayokata, uzifungue na kuzisogeza. Tenki la mafuta likiwa karibu, lishushwe. Gari likae juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki pekee haitoshi. Cheche za grinda hujichimbia kwenye vioo na kuacha madoa yasiyotoka, hivyo vifunikwe kwa blanketi zito lililoloweshwa. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili wakati unachomelea, na baada ya kumaliza kaeni hapo nusu saa nzima, kwa sababu felti na gamba la lami huweza kufuka polepole mahali pasipoonekana na kushika moto watu wakiwa wameshaondoka.

Kwa kiraka, nunua shiti nyeusi ya unene wa milimita 0.9 hadi 1.2, ile ambayo maduka ya vyuma huiita geji 18 au 20. Bati la kuezekea halifai, ingawa lipo kila mahali na bei yake inavutia: ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaosababisha homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa saa chache baadaye. Kata kwanza umbo kwa katoni, ulijaribishe na kulipunguza hadi likae sawasawa, kisha lihamishie kwenye shiti. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndipo bati linapoanza kupasuka kwa mtikisiko. Ukiangalia sakafu ya awali utaona mifereji iliyofinyangwa na kiwanda. Iko pale ili kuipa sakafu ugumu, na kiraka kipana kilicho bapa kabisa kitalia na kutikisika gari likikimbia, kwa hiyo nasi hukikunja mikunjo miwili mitatu juu ya pembe ya chuma kabla ya kukiweka.

Mashine ya kuchomelea ndiyo inayoamua kama kazi itamsumbua mwanafunzi au la. Mashine ya vijiti inayotumika kutengeneza mageti, hasa ikiwa na vijiti vya milimita 2.5, hutoboa bati la sakafu kwa urahisi mno, na tumeona sakafu zilizoletwa zikiwa na matundu mengi kuliko yale yaliyoliwa na kutu. Gesi ya asetilini katika mikono ya fundi bodi mzoefu hutoa kazi nzuri, lakini joto lake huenea na kupinda bati. Kwa anayeanza tunapendekeza mashine ya mig, ile inayolisha waya yenyewe badala ya vijiti, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8, na afanye mazoezi kwenye mabaki ya shiti ile ile hadi aweze kushikiza bila kutoboa. Kiraka kipandishwe juu ya ukingo safi kwa takriban sentimita 2, kwani kuunganisha ukingo kwa ukingo kunahitaji mkono uliozoea. Shikiza nukta moja, nenda upande wa pili ushikize nyingine, kisha pembe ya tatu, ukiacha nafasi ya sentimita 3 hivi kati ya nukta na nukta, ndipo urudi kujaza katikati kidogo kidogo huku bati likipoa. Anayechomelea mstari mzima kwa mkupuo mmoja hupata sakafu iliyojaa mawimbi.

Tunaulizwa sana kama badala ya kuchomelea mtu anaweza kutumia ribiti (pini za kubania mabati), au kuziba tundu kwa puti (ute mzito unaokauka ukawa mgumu) na nguo ya faiba. Ribiti zikipangwa karibu karibu na kuwekwa silanti nzuri (gundi ya kuzibia maji) katikati zinaweza kushika kiraka cha sehemu bapa kwa muda wa kutosha mtu kukusanya fedha, na hatumlaumu anayefanya hivyo. Puti na faiba juu ya tundu la kutu hatuzifanyi katika gereji yetu hata mteja akituomba, kwa sababu hushika kwenye bati bovu, hufungia unyevu ndani, na humpa dereva sakafu inayoonekana nzima ambayo mguu unaweza kuipenya anapokanyaga breki kwa nguvu.

Baada ya kuchomelea, kazi bado ni nusu. Michomeleo isagwe, isafishwe kwa thina, ipakwe praima ya epoksi juu na chini siku hiyo hiyo, maana bati lililo wazi katika hewa ya pwani huanza kubadilika rangi usiku mmoja tu. Silanti ya viungo ipakwe pande zote mbili pale kiraka kilipopandia bati la zamani, kwa kuwa uwazi mwembamba kati ya mabati hayo mawili ndipo maji yanapopenda kukaa. Kisha rangi, kisha tabaka la lami upande wa chini, na vile vizibo vya raba vya matundu ya kutolea maji virudishwe mahali pake bila kuzibwa kwa lami. Desturi ya kunyunyiza oili chafu chini ya gari hatuishauri: hunasa mchanga, huharibu mipira ya kebini na ya springi, na hudondoka ardhini.

Kwa wanaotaka tushirikiane, utaratibu wetu unaruhusu mteja kufanya anachoweza. Anaweza kutoa viti, kapeti na gamba la lami nyumbani kwake, akaleta gari likiwa wazi, nasi tukakata na kuchomelea, kisha akamalizia praima na rangi mwenyewe kwa maelekezo yetu. Gharama hupungua kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kubandua na kusafisha huchukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Hatutaji bei kwa picha ya simu, kwani picha haionyeshi kilicho chini ya felti, na vipande tunavyokata tunavihifadhi hadi mteja avione. Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kabla ya masika. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, tunaomba gari lirudi siku inayofuata ili tuinue kapeti katika kila kona na kupapasa felti kwa mkono. Ukaguzi huo hatuutozi chochote.