Fadhl aligeuzwa uso

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku hatujambo, kifua cha baba yako kimetulia, na mwembe wa uani unaangusha maembe mabichi kwa huu upepo wa ziwani. Naandika kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili ulinikatisha kwa hadithi za Mtume kabla sijafika katikati ya neno langu. Karatasi haikatishwi.

Ni yale ya mwaloni Kibirizi, pale wanaposhushia samaki, Idi pili. Dagaa hawajui sikukuu. Wakitoka ziwani wanataka jua siku ileile. Binti wa jirani yetu alikuwa ameinama anawageuza, ushungi ameusukuma nyuma ya shingo kwa joto, miguu peku mchangani. Ukasimama mbele ya wavuvi na wachuuzi, ukamwita asiye na haya, ukamuuliza nikabu yake iko wapi na kwa nini nyayo ziko nje. Ukarudi nyumbani kifua mbele, eti umekataza munkari, yaani uovu. Jioni mama yake alikuja kwangu. Hakugomba. Alikaa mkekani, akanywa chai, akaondoka bila kulisema alilolijia, na hilo ndilo lililoniuma.

Sisemi binti alikuwa sawa. Nywele na shingo mbele ya ajinabi, wanaume wasio maharimu wake, hazina mjadala, aya ya 31 ya Suratin Nur imeamrisha shungi ziangushwe vifuani, na mimi mamako navaa hivyo tangu sijavunja ungo. Ila wewe ulichanganya mchele na pumba. Nyayo, wengi katika wenzetu wa madhehebu ya Hanafi hawazihesabu kuwa awra, sehemu ya mwili ipasayo kufunikwa. Uso, wanazuoni wamekhitilafiana tangu na tangu: wapo Mashafii wenzetu waliowajibisha kuufunika, na wapo wengi waliosema uso na viganja si awra. Imam Nawawi, naye ni Mshafii, ameandika kwamba linalokemewa ni lile waliloafikiana wanazuoni; lenye khilafu halina makemeo.

Unaishika sana ile hadithi ya Abu Said al-Khudri, aliyeona munkari auondoe kwa mkono wake, akishindwa kwa ulimi, akishindwa kwa moyo. Imo katika Sahihi Muslim, siikatai. Lakini umeshatazama Abu Said aliisimulia siku gani? Siku ya Idi. Marwan, liwali, alitanguliza hotuba kabla ya sala. Mtu mmoja akasimama akamwambia sala ndiyo ya kwanza. Abu Said akasema huyu ametimiza lililo juu yake, ndipo akaitoa hadithi. Aliyekemewa pale ni liwali mwenye askari wake. Wewe Idi yako ulimpata binti mwenye ndoo. Na palepale mwaloni kuna yule mchuuzi aliyebonyeza kitako cha kopo lake ili lipime pungufu, wote tunamjua, na kupunja vipimo kumeshukiwa sura yenye jina hilo, Al-Mutaffifin. Nasikia ulinunua kwake ukamwambia ahsante.

Sasa nisikilize hili, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Fadhl mwana wa Abbas alikuwa amepakiwa juu ya kipando nyuma ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Kijana wa umri wako hivi. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza: baba yake amekuwa mzee, hawezi kukaa juu ya kipando, je, amhijie? Alikuwa mzuri wa sura. Fadhl akamtazama, naye akamtazama Fadhl. Mtume akanyoosha mkono akaugeuza uso wa Fadhl upande wa pili, kisha akamjibu yule mwanamke swali lake: ndiyo, mhijie. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Wanazuoni wamevutana mno juu ya uso wa yule mama, kwamba alikuwa katika ihramu, kwamba ni dalili ya hili au lile. Wavutane. Mimi naangalia mkono ulikwenda wapi. Ulikwenda kwa kijana. Mwanamke alipata fatwa yake akaenda zake na heshima yake.

Na nikuulize kama mama: shingo ya yule binti wewe uliionaje, mpaka ukajua na nyayo zikoje? Kabla ya aya ya 31 ipo ya 30, nayo inawaambia wanaume wainamishe macho.

Imam Shafii amepokewa akisema kwamba anayemuonya ndugu yake kwa siri amemnasihi na kumpamba, na anayemuonya hadharani amemfedhehesha. Ungeniambia mimi, basi. Ningelimaliza jioni ileile. Nimekwenda baadaye nikampelekea yule binti shungi mbili za pamba, maana zile za nailoni ndizo zinazopika kichwa juani. Alizipokea, akaniuliza kama ni wewe uliyenituma. Sikusema uongo.

Ukija likizo usimwendee yeye. Nenda kwa baba yake, bisha hodi, toa salamu, umtake radhi mbele ya mkewe. Wakikukaribisha ugali, kula.

Mzigo wako unakuja na treni ya wiki hii. Mawese yamo katika dumu la lita tano, kifuniko kinavuja, usiliweke karibu na kanzu zako.

Mama yako