Ganda, gamba na gome: barua kwa Doto

Shoga yangu Doto,

Mambo vipi huko Arusha, baridi imepungua au bado mnalala na masweta? Sisi huku Mwanza tupo, joto lipo, umeme unakuja unakata, maisha yanasonga. Meseji yako ya sauti niliisikiliza nikiwa kwenye daladala naenda Kirumba nikacheka peke yangu mpaka konda akaniangalia, eti mwanafunzi wako yule Mjerumani kakubana kwa nini yai lina ganda, kobe ana gamba na mti una gome wakati vyote ni kitu cha nje tu, na wewe mwalimu mzima ukamjibu "ndivyo tunavyosema". Hahaha. Nikaona hili haliwezi kujibiwa kwa meseji, acha nikae chini niandike.

Mimi si mtu wa makamusi unanijua, mimi ni mtu wa samaki, ila kwa nnavyoona majina yaache kwanza, mwanzishie na vitenzi. Maana Kiswahili kila kinachotolewa juu ya kitu kina namna yake ya kutolewa. Ndizi unamenya, samaki unapara, mbuzi unachuna, gome unaambua, mpunga unakoboa, korosho unabangua (na hiyo ubangue kwa akili kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayobabua mikono), nazi unaifua makumbi kwanza ndo unakutana na kifuu. Njoo hapa Mwaloni, soko letu la samaki, useme unataka kumenya samaki uone watakavyokucheka. Akishashika vitenzi majina yatajipanga yenyewe.

Sasa ganda kwa ninavyolielewa mimi ni kile unachokitoa ili ufike ndani, ukishafika huna shida nacho tena. Maganda ya mayai, ya karanga, ya machungwa, ya mihogo, hayo tunawatupia mbuzi au yanaenda jalalani. Ndo maana hata kwenye taarifa ya habari utasikia polisi wameokota maganda ya risasi, yaani chenyewe kimeshaondoka kimebaki cha nje. Halafu kuna ile methali ya watu wa pwani, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, hiyo mpe kabisa ila mfafanulie kwamba chungu pale ni sisimizi, asije akafikiri ni chungu cha kupikia akachora sufuria inavuna miwa. Na kama unataka kumuonyesha kwamba hata muda wa kumenya una maana mwambie habari za viazi vyetu, ukimenya kikiwa kibichi ukakikata ukaanika hiyo ni michembe, ukikichemsha na ganda lake kwanza ndo umenye ukate uanike hayo ni matobolwa, kiazi kilekile ila ladha mbalimbali kabisa. Mimi matobolwa na karanga usiniambie kitu.

Gamba sasa, hapa ndo kwangu. Gamba mwenye nalo kalivaa, ni la mwili wake, analo kwa ajili yake siyo kwa ajili ya mlaji. Sato ana magamba makubwa hayo, ukimpara bila kuangalia yanakurukia mpaka kwenye nywele unarudi nyumbani unang'aa, sangara naye anayo, na wataalamu wa samaki wanalichukua gamba wanahesabu mistari yake ili kukadiria samaki ana umri gani. Kwa sangara lakini hela siku hizi haiko nje iko ndani, bondo lake (kile kifuko cha hewa cha tumboni) ndo linasafiri mpaka China na kilo yake ni ghali kuliko minofu, ila hayo ni mambo mengine.

Na kwa wateja wangu gamba si mchezo, ni suala la dini. Wasabato si unajua walivyo wengi huku kwetu na Mara, wao wanafuata Walawi 11, samaki asiye na mapezi na magamba hapiti mdomoni, kwa hiyo mumi (huko kwenu mnamwita kambare) na gogogo wanawapita kama hawawaoni. Hapo sasa subiri aletwe kamongo. Kamongo kwa macho yupo laini tu ana utelezi, kumbe magamba anayo, madogo yamezama kwenye ngozi, basi nimeshashuhudia watu wazima wanabishana mbele ya beseni langu huyu analika huyu haliki mpaka samaki mwenyewe kakauka na hakuna aliyenunua. Mimi natamani wangebishania kwa jirani.

Nyoka naye gamba lake analivua. Pale Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kuna habari za Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, ukipata wageni walete. Ila hili la kujivua gamba mwanafunzi wako akilitafuta mtandaoni atakutana na CCM kabla hajakutana na nyoka, kwa hiyo bora umuandae. Si unakumbuka mwaka 2011, enzi za Kikwete, chama kilivyosema kinajivua gamba, yaani kinawaondoa wenye tuhuma za ufisadi, mwezi wa nne sekretarieti nzima ikajiuzulu kule Dodoma, mwezi wa saba Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga, halafu ikawaje, wapinzani wakaligeuza jina, wana CCM wote wakaanza kuitwa magamba. Huku Mwanza ndo lilinoga zaidi maana 2010 Nyamagana na Ilemela zote zilikuwa zimeenda Chadema, ukivaa shati la kijani unapita sokoni unasikia tu "gamba hilooo". Walisema wanalitoa wakaishia kuitwa lenyewe, hiyo mimi mpaka leo huwa inanichekesha na mume wangu hapendi nicheke, yeye ana kadi.

Kobe hajivui, mwambie hivyo. Kwenye katuni wanamuonyesha kobe anatoka anaenda kuoga anarudi, uongo, uti wa mgongo na mbavu zake zimeungana na lile gamba, ukimtoa umemuua.

Gome sina mengi. Ni la mti, basi. Ila akija kwako muwekee chai ya mdalasini halafu umwambie anakunywa gome, maana mdalasini ni gome la mti limeambuliwa likakaushwa likajikunja, atashangaa. Na huku upande wa ziwa, Uganda na kwa Wahaya, gome lilikuwa nguo. Ile wanayoita lubugo, wanaambua gome la mti wa jamii ya mtini, wanaligonga na nyundo za mbao mpaka linatanuka linakuwa laini, na ule mti haufi, wanaufunga na majani ya migomba kidonda kinapona gome linaota tena. UNESCO waliitangaza kazi hiyo ya Waganda kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005.

Pumba nimeacha makusudi, hiyo usimfundishe darasani. Akijua kwamba pumba za mpunga tunachomea matofali sawa, ila akishajua maana ile nyingine siku akikuchoka atakuambia unaongea pumba mbele ya wenzake.

Haya, beseni linaningoja. Akikuuliza habari ya utando na ngozi nitumie kabla ya Jumamosi, Jumapili siko hewani nina kipaimara cha mtoto wa dada. Na ile hela ya dagaa wa mama mkwe wako nitumie kwa simu leo, dagaa wanapanda bei. Msalimie shemeji.

Ni mimi,
Mama Pendo