Ruaha Mkuu haufii hifadhini, unafia kwenye mabanio

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi tunaona picha za viboko waliobanana kwenye madimbwi ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama zote wanatupiwa wafugaji. Ng'ombe wana sehemu yao, sikatai. Lakini operesheni ya kuwaondoa Usangu, bonde lililo juu ya hifadhi, ilifanyika 2006 na 2007, eneo likaunganishwa na hifadhi 2008, na Ruaha Mkuu, mto unaokauka karibu kila kiangazi tangu 1993, haukupona.

Maji ya Ihefu, ardhioevu ya Usangu, hutoka kuingia Ruaha Mkuu kupitia N'giriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya kizingiti hicho hakipiti kitu, hata kama Ihefu bado ina maji. Na kwa upana wake, jua hunywa kwanza. Watafiti walikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ipite N'giriama wakati wa kiangazi, zinapaswa kuingia Ihefu kama mita za ujazo 7. Kwa hiyo kinachookoa mto ni maji ya Julai hadi Novemba. Mafuriko ya masika hayawekwi akiba.

Maji hayo ya kiangazi yanaishia kwenye mabanio (kuta za kuchepushia maji kwenye mifereji ya mashamba) ya mito ya Mbarali, Kimani na Chimala. Mpunga ukishavunwa mifereji haifungwi, kwa sababu vijiji huchota humo maji ya kunywa na kufulia. Ndoo za kijiji kizima ni kidogo sana. Yanayobaki husambaa mashambani na kukauka. Kumwambia mama afunge lango bila kumchimbia kisima ni kumwonea. Kianze kisima, ndipo lifuate kufuli.

Tusidhani pia kwamba zege pekee ni dawa. Banio la magogo na viroba vya mchanga huvuja, na ule uvujaji ndio uliokuwa ukimfikia mtumiaji wa chini ya mto. Banio la zege lililojengwa vizuri huziba mto mzima mwezi wa Septemba. Ukuta wake lazima uachwe na tundu la kudumu, chini ya usawa wa lango la mfereji, ili mto upate chake kwanza. Mfereji nao uwe na mtaro wa kurudisha maji mtoni.

Kibali cha maji hutaja lita kwa sekunde, lakini penye banio lisilo na ubao wa kupimia kina, nani anajua zimechukuliwa ngapi? Na ubao bila jedwali la kugeuza sentimita kuwa lita ni pambo tu.

Ombi langu kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji: kuanzia Julai, vipimo vya kila banio kubwa na vya N'giriama vibandikwe kila wiki kwenye ofisi za vijiji na za jumuiya za watumiaji maji, wa juu na wa chini wasome karatasi ileile.

Mdau wa maji,
Iringa