Barua ya wazi kwa Afisa Mifugo wetu: njoo upime urea kwenye hii mifuko

Ndugu Afisa Mifugo,

YAH: CHAKULA CHA NG'OMBE KINACHOUA NG'OMBE

Somo tajwa hapo juu lahusika. Awali ya yote nakusalimu kwa heshima zote. Naamini u mzima, ingawa ofisini huonekani na simu yako inaita mpaka inakatika. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Alhamisi iliyopita nimepoteza ng'ombe wangu wa maziwa, Mpaji. Jioni baada ya kumkamua tulimfungulia mfuko mpya wa chakula, umeandikwa kwa wino mzuri kabisa: protini asilimia 16. Muda si mrefu masikio na midomo vikaanza kutetemeka, mate yanamtoka kama povu la sabuni, tumbo upande wa kushoto limejaa, anahema kwa tabu. Daktari wa mifugo akasema kwa simu tumnyweshe siki na maji mengi ya baridi wakati yeye yuko njiani. Maji tulikuwa nayo. Siki ya kumtosha ng'ombe mzima, usiku, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, nani anayo? Majirani walileta vichupa vyao vya kachumbari, na mangi akatoa vyote vilivyokuwa rafu ya juu. Foleni nayo ilifanya kazi yake. Daktari anaingia getini, ng'ombe kashalala ubavu.

Alipompasua, harufu ya amonia ilitutoa machozi. Tukarudi kwenye mfuko. Chini kabisa kulikuwa na chembe nyeupe za mviringo zimeshikana mabonge, na yeyote aliyewahi kuweka mbolea ya kukuzia mahindi anazijua zile chembe. Majibu ya maabara sina, kwa hiyo nasema ninachokiona: kuna mtu anatia urea ya mbolea kwenye chakula cha mifugo, na haichanganyi vizuri.

Wewe ni mtaalamu, mimi ni mfugaji tu. Ila ulitufundisha mwenyewe, na mimi niliandika kwenye daftari. Ng'ombe na kondoo wana tumbo la kwanza, rumeni, ambalo kwa ng'ombe mkubwa linabeba zaidi ya lita mia. Humo wanaishi bakteria wasiohesabika. Mnyama akila majani, wao ndio wanaoyavunja, na protini nyingi anayoipata ni miili ya hao bakteria wenyewe wakishateremka kwenye tumbo la nne. Ndiyo maana urea yenyewe si haramu. Bakteria huigeuza kuwa amonia, na amonia wakaijengea protini, mradi wana nguvu ya kufanyia kazi hiyo: pumba, molasi, kitu chenye wanga. Iwe kidogo, ichanganywe sawasawa, na mnyama azoeshwe polepole. Ndama ambaye rumeni yake haijakomaa hapewi kabisa. Kuku na nguruwe haiwafai kitu.

Ikizidi, amonia inatoka kwa kasi kuliko bakteria wanavyoweza kuitumia. Inapenya ukuta wa tumbo, inaingia kwenye damu, ini linazidiwa, inafika kwenye ubongo. Kwa ng'ombe wa kilo 400 asiyezoea, gramu 200 zinatosha kumdhuru, na 400 kwa kawaida zinamuua. Gramu 400 ni bonge moja la chini ya mfuko, Ndugu Afisa.

Sasa kwa nini mtu atie urea na asiiandike? Nakisia, lakini hesabu inanisaidia. Kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe. Kinapima naitrojeni, halafu unazidisha kwa 6.25. Ni njia ya Kjeldahl, ya tangu 1883. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo moja yake inasomeka kwenye karatasi kama karibu kilo 2.9 za protini. Chukua kilo 98 za pumba za mahindi zenye protini asilimia 10, tia kilo 2 za urea, kipimo kitasoma kama asilimia 15 na nusu. Mashudu ya alizeti yana bei, mashudu ya pamba yana bei, mbolea inakamilisha hesabu. China mwaka 2008 ujanja wa aina hiyo hiyo ulifanywa kwa melamini, kemikali ya kiwandani yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa ya watoto, na watoto wakafa.

Sasa nikukumbushe mkutano wako na sisi wafugaji. Ulikuja, ukapewa kiti chenye kitambaa, ukanywa soda baridi, ukatuahidi kwamba sampuli zitachukuliwa madukani na majibu yatabandikwa ofisi ya kata pale. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mbele. Ubao wa ofisi ya kata naupitia kila nikipeleka maziwa. Una tangazo la usafi, tangazo la kiwanja, na picha ya mgombea wa zamani. Sheria ya malisho na vyakula vya mifugo ipo tangu 2010. Maabara ya veterinari iko hapo hapo Temeke, watu wanasafirisha sampuli kutoka mikoani kuja kwetu. Mlituambia mjini tufuge ndani, tumekubali. Anayefuga ndani halishi anachokichagua ng'ombe, analisha anachouziwa. Nimlishe nini, lami?

Mama mmoja wa mtaa wa pili kondoo wake wawili walikufa wiki hiyo hiyo kwa dalili hizo hizo. Huenda ni mfuko wa duka hilo hilo, huenda siyo. Yeye ameambiwa na watu ni uchawi, na mimi sina karatasi ya kumwonyesha kwamba siyo.

Mpaji ndiye aliyekuwa analipa ada. Mtamba wake bado hajazaa, mkopo wa kikundi haujui msiba, na wateja wangu wa asubuhi nimewaelekeza kwa mtu mwingine. Sitaki fidia kutoka ofisini kwako, maana hata nauli ya kuifuatilia sina.

Naomba jambo moja. Chukua sampuli. Usipime protini tu, pima na urea, maana ukipima naitrojeni peke yake mfuko ulioniulia ng'ombe utafaulu vizuri sana. Kisha bandika majibu kwenye ule ubao. Mfuko wangu nimeufunga kwa kamba na uko stoo, juu ya meza, mbali na panya. Njoo uuchukue, au mtume kijana yeyote. Kama gari halina mafuta niambie, nitauleta mwenyewe kwa bodaboda. Chukua tu sampuli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji, mstari wa mbele siku ya makofi

Nakala: Mwenye duka (anajijua)