Samaki wako wa jana

Mwanangu, marahaba. Ile picha uliyotuma WhatsApp nimeiona, nikamuonyesha mama yako akacheka mpaka akakaa chini, yaani unasema samaki wa kukaanga afu sisi tunaona kama ugali umemwagika. Ila usijali, mi mwenyewe nilianza hivohivo, unajua sisi tumekulia Kibosho kwenye migomba, samaki hatukuwa na habari naye, babu yako alikuwa anamuona kama nyoka tu, nimekuja kumjua niliposhuka kufanya kazi mjini, wale sato wa bwawa la Nyumba ya Mungu.

Sangara wako hana kosa, mnofu mnene, hauna miba. Kosa ni maji. Umesema umemtoa kwenye friza, ukamsuuza, ukamtupia kwenye flampeni hapohapo, sasa hapo hujakaanga, umechemsha, barafu inayeyuka, mafuta yanapoa, samaki ananata. Mtoe friza usiku umuweke chini kwenye friji ayeyuke taratibu, asubuhi mfute na kitambaa safi mpaka ukimgusa mkono haulowi, chumvi na pilipili manga weka dakika ya mwisho maana chumvi ikikaa inavuta maji tena. Flampeni ipate moto kwanza, mafuta vijiko viwili yatulie mpaka yang'ae, ndo unamlaza, na umlaze kwa kwenda mbele, usielekeze mafuta kwako.

Afu muache. Hapa ndo najua umeharibu maana nakujua tangu mdogo, hukai, ulikuwa unafunua chungu cha mtori kila dakika. Usimsukume, usimchungulie. Akishaiva upande wa chini anaachia mwenyewe, ukiona bado amegandia ujue hajawa tayari. Angalia ubavuni, ule weupe unapanda kutoka chini, ukipita nusu geuza, kipande cha unene wa sentimita 2 ni kama dakika 4, upande wa pili 2 tu, nyama ikianza kuachana ukigusa na uma toa.

Sosi wala haina mambo. Usioshe flampeni! Ule ukoko wa chini ndo utamu wenyewe. Punguza gesi, siagi kijiko, kitunguu saumu punje mbili umezikatakata, zisiungue zitakuwa chungu, maji robo kikombe ukwangue na mwiko, zima, kamulia limao nusu na giligilani. Siagi usianze nayo mwanzo kwa moto mkali inaungua, mama yako anabisha ila hajawahi kunishinda kwa hili.

Hiyo flampeni yako nyepesi nadhani nayo inachangia. Jumamosi ntampa dereva wa kosta ile nzito ya chuma, ifuate stendi hapo Arusha saa 5, na tafadhali usiisugue na stilwaya.

Baba