Taarifa za wazee wetu zisifungiwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalohusu wazee wetu wanaopotewa na kumbukumbu, na hasa zile taarifa zinazochukuliwa kwao na watafiti kisha zisionekane tena.

Marehemu mama yangu aliugua kwa miaka saba maradhi ambayo daktari alituambia kuwa ni ya Alzaima. Alianza kwa kuuliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa, akaja akapotea njia ya kisimani aliyoipita tangu utoto wake, na mwisho akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Lakini msimu wa karafuu ulipofika, tukimtandikia jamvi na kummiminia pishi mbili tatu mbele yake, mikono yake ilichambua karafuu ikaziweka upande huu na makonyo upande ule bila kukosea, naye hajui kama ni asubuhi au jioni. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka thelathini na sijapata kuona kitu kilichonishangaza kuliko mikono ile. Maradhi haya kwa kawaida huanza katika sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, na kazi ambazo mikono imezizoea kwa umri mzima huchelewa kuguswa.

Mwaka mmoja kabla hajafariki walikuja watafiti. Walikaa naye barazani karibu saa mbili wakimuuliza maswali, wakamtoa damu mirija mitatu, nami nikamshika mkono akaweka dole gumba kwenye fomu. Miaka ikapita kimya. Daktari kijana wa hapa kwetu, aliyetaka kuandika tasnifu yake juu ya wazee wa Pemba, aliomba kuziona taarifa zile, akajibiwa kwamba ni mali ya mradi na mradi umekwisha. Siwataji, maana naamini walikuja kwa nia njema. Ninachokilalamikia ni desturi yenyewe ya kuchuma na kuondoka.

Kwengineko desturi hiyo imevunjwa. Mwaka 2004 ulianzishwa Marekani mradi mkubwa wa kupiga picha za ubongo wa wazee, unaojulikana kwa kifupi kama ADNI, na waanzilishi wake wakakubaliana jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: kwamba picha, vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo, pamoja na majibu ya maswali ya kumbukumbu, viwekwe mahali ambapo mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuviomba, bila ya wao wenyewe kujitengea muda wa kuvitumia peke yao kwanza. Walikuwamo watu wa vyuo vikuu na watu wa makampuni ya dawa, ambao kwa kawaida kila mmoja hulificha lake. Walielewa kwamba maradhi yanayotambaa ndani ya ubongo kwa miaka 15 au 20 kabla ya dalili kuonekana hayawezi kufahamika kwa kuwatazama wagonjwa mia wa hospitali moja. Mwaka 2013 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya pamoja taarifa za jeni, yaani vinasaba ambavyo mtu huvirithi kwa wazazi wake, za watu zaidi ya 74,000, wakagundua sehemu 11 mpya za jeni zinazohusiana na maradhi haya, ambazo hakuna kundi lililokuwa limeweza kuziona peke yake.

Hata hivyo watu wote hao 74,000 walikuwa wa asili ya Ulaya, na jambo hilo linatugusa sisi moja kwa moja. Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba aina moja ya jeni, iitwayo APOE e4, humzidishia mtu hatari ya kupata Alzaima. Lakini watafiti waliowafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa njia moja ya upimaji, walikuta kwamba kila mwaka walioingia katika Alzaima walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis, na jeni hiyo haikuwa na nguvu ileile kwa watu wa Ibadan. Kwa nini? Ni chakula, ni shinikizo la damu, ni jeni nyengine iliyo jirani? Jawabu haliwezi kupatikana kama wazee wa Afrika hawamo katika taarifa zinazochunguzwa. Na si suala la elimu tu, kwa sababu dawa mpya ya Alzaima iitwayo lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, ina hatari kubwa zaidi ya kuvimbisha ubongo kwa wenye nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi ndio wengi katika maradhi, na wachache mno katika madaftari.

Hapa Tanzania tunao mfano mzuri. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipimwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kutokana na kazi hiyo pamoja na ya Nigeria ukatengenezwa mtihani mfupi wa kumbukumbu ambao humtaka mzee apange njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu. Njiti za kiberiti! Mama yangu hakuwahi kushika kalamu, na siku ile alipopewa karatasi achore alitahayari akanitazama mimi. Kama watafiti waliomjia wangeitumia kazi ya Hai, wangempima ubongo wake na si skuli ambayo hakuisoma.

Najua watu wanaogopa. Wako wanaosema damu inauzwa, na ziko nyumba zinazomficha mzee ndani kwa kudhani kachezewa, ilhali aya ya 70 ya Suratun Nahl imewataja wazi wanaorejeshwa katika umri dhaifu kabisa hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Hofu iliyo ya kweli zaidi ni ya siri. Katika shehia zetu kufuta jina hakutoshi: ukiandika mjane wa miaka 84, watoto tisa, mchumaji karafuu wa zamani, kijiji chetu kizima kitajua ni nani. Kwa hiyo sisemi taarifa zimwagwe barabarani. Iandikwe wilaya badala ya shehia, uandikwe umri wa makadirio na namna ulivyokadiriwa (wengi wa wazee wetu hujua tu walikuwa wakubwa kiasi gani Sultan Khalifa alipofariki mwaka 1960), na anayezitaka aombe kwa kamati yenye Wazanzibari ndani yake. Ridhaa nayo iombwe mapema, mzee akiwa bado na fahamu zake, mbele ya mtoto wake, kwa lugha ya nyumbani.

Uwezo tunao. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, inafanya utafiti tangu mwaka 2000, na kina mama wajawazito wa Pemba wamekwisha kuchangia sampuli katika hazina ya pamoja na wenzao wa Bangladesh na Pakistan. Naiomba Wizara ya Afya na Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar kwamba kila anayeomba kibali cha kuwachunguza wazee wetu aseme tangu mwanzo taarifa zitawekwa wapi, nakala ipi itabaki visiwani, na baada ya muda gani daktari kijana wa Wete ataweza kuzisoma.

Mirija mitatu ya damu ya mama yangu huenda bado imo katika jokofu fulani. Kama waliokuja siku ile wanausoma waraka huu, wajue kwamba mimi mwanawe niko tayari kutia saini fomu nyengine, ili itumike.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba